Kikundi cha familia: kilele cha x√(6 − x)

Neema: Shikamoo shangazi. Samahani kwa usiku huu, kesho tuna jaribio la hesabu. Tumepewa y = x√(6 − x), tutafute kilele kisha tuchore grafu.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Usikimbilie kudifrenshieti, yaani kutafuta fomula ya mteremko wa grafu. Niambie kwanza x inaruhusiwa kuwa ngapi.

Neema: Ndani ya kipeuo kusiwe hasi, kwa hiyo x isizidi 6.

Shangazi: Haswa. Kulia kwa 6 hakuna grafu, kalamu isifike huko. Mstari wa x inaukata wapi?

Baraka: 0 na 6. Hamjambo humu?

Shangazi: Hatujambo Baba. Neema, sasa difrenshieti, kanuni ya zao, maana x imezidishwa na kipeuo.

Neema: √(6 − x) − x/(2√(6 − x))

Shangazi: Weka juu ya asili moja, yaani namba moja ya chini ya sehemu.

Neema: (12 − 3x)/(2√(6 − x)). Kiasi, ile ya juu, kinakuwa sifuri x ikiwa 4. Hapo y = 4√2, kama 5.66.

Shangazi: Safi sana! Sasa angalia: x ikiwa chini ya 6, asili ni chanya tu. Alama ya mteremko inaamuliwa na 12 − 3x peke yake. Kabla ya 4 grafu inapanda, baada ya 4 inashuka. Basi ni kilele, huna haja ya kudifrenshieti tena.

Mama Neema: Mungu akubariki wifi. Neema, umekula?

Neema: Nimekula mama.

Baraka: Shangazi, pale kwenye 6 asili si inakuwa sifuri? Mteremko upo kweli?

Shangazi: Haupo, na swali hilo nalipenda mno. Neema, weka x = 5.99 kwenye mteremko.

Neema: −29.85

Shangazi: Na 5.9999?

Neema: Karibu −300! Mbona inakimbia hivyo?

Shangazi: Kwa sababu asili inazidi kuwa ndogo na kiasi kinabaki karibu −6. Ukiikaribia 6 mteremko hauna kikomo, kwa hiyo grafu inatua wima. √x nayo ndivyo inavyoanza pale sifuri: wima, halafu inalala taratibu.

Baraka: Na kushoto kwa 0?

Shangazi: x hasi, y hasi, ukienda kushoto inashuka bila mwisho. Ina kilele, bonde haina. Neema, weka nukta (2, 4), (4, 5.66), (5, 5), (6, 0), chora, utume picha.

Neema: 📷

Shangazi: Kilele kimekaa vizuri. Ila toka 5 hadi 6 umepiga rula. Futa kipande hicho, kipinde kiende kikisimama hadi kiwe wima kwenye 6.