Hivi kimbunga kikija TV zinatutahadharisha au zinatafuta kiki?

kimya_kingi:
Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie hili manake limenikaa kichwani. Juzi kati ilitabiriwa mvua kubwa na upepo, nikawasha TV tangu jioni. Masaa manne nimekodoa macho: skrini nyekundu, muziki kama sinema ya majini na mashetani, maandishi yanapita chini HATARI HATARI, ripota kavaa koti la mvua anapiga kelele utadhani kaingizwa ndani ya ngoma. Mama akafunga nguo kwenye kiroba, vyeti vyote akavitia kwenye nailoni, akakaa kwenye kiti na viatu mguuni mpaka alfajiri. Kilichokuja ni manyunyu. Asubuhi anavua viatu ananiambia mwanangu, wakisema tena mimi nalala. Aisee hiyo kauli imeniogopesha kuliko mvua yenyewe. Na cha ajabu, baada ya masaa yote hayo ungeniuliza mvua inafika saa ngapi, maji yatapita wapi, tukihama tunaenda wapi, ningekutolea macho tu. Sasa swali langu, kutia chumvi ili watu wahame ni sawa au hawa jamaa wanatafuta watazamaji?

Baba Zawadi:
Hahahaa kiki hiyo mkuu, wala usiumize kichwa. Kuna ile klipu ya kimbunga Florence kule North Carolina, Marekani, 2018. Ripota wa Weather Channel kapanua miguu, kajikunja, anayumba kama anataka kupeperuka, halafu nyuma yake wanapita watu wawili wamevaa kaptula wanatembea zao polepole kama wanatoka kununua vocha 😂 Stesheni ikajitetea kwamba wale walikuwa kwenye zege, yeye kwenye majani yaliyolowa, tena alikuwa hewani mpaka saa saba usiku kwa hiyo kachoka. Sawa bana. Na 2005 kule New Jersey, ripota wa NBC yuko ndani ya mtumbwi anapiga kasia anaelezea mafuriko, mara wakapita wanaume wawili mbele ya mtumbwi kwa miguu, maji hayajapanda sana juu ya viatu. Mubashara! Mimi tangu nione hiyo kila ripota akisimama kwenye maji nawaangalia waliopo nyuma yake kwanza.

fundi_picha:
Nimebeba kamera miaka kadhaa, stesheni siitaji. Hakuna anayekwambia danganya, hilo neno hutalisikia kabisa chumba cha habari. Unapigiwa simu unaambiwa "mbona picha yako imepoa?" basi. Ukishaambiwa mara mbili unajiongeza mwenyewe. Unatafuta dimbwi, unashusha kamera mpaka karibu iguse maji, unavuta lenzi, dimbwi la hatua tano linajaza skrini nzima linakuwa ziwa. Ukirudi nyuma hatua kumi ukapiga picha pana, barabara kavu inaonekana na mtu kapaki pikipiki. Maiki nayo, ukiivua ile sponji yake upepo wa kawaida tu unanguruma kama ndege inaruka. Kuna siku tulizunguka asubuhi nzima tukapata mti mmoja umeanguka, mmoja!, ukarushwa kila baada ya dakika chache mpaka usiku, watu wanatupigia wanauliza huko kwenu miti imeisha?

Ila nimtetee ripota kidogo. Yule anapelekwa palipo na hali mbaya kuliko pote na kusimama pale ndiyo kazi aliyotumwa. Shida ni kwamba mtazamaji haambiwi kwamba hapa ni kona moja tu na mtaa wa pili watu wanaanika nguo.

Mama Mvua:
Mimi nitaongezea upande wa utabiri maana nimeufuatilia sana, samahani kwa maneno mengi. Chumvi yote ya TV inawekwa kwenye upepo, kwa sababu upepo una picha nzuri, miti inalala, mabati yanaruka, ripota anayumba. Wakati vimbunga vinaua zaidi kwa maji, yaani bahari inayosukumwa na upepo mpaka nchi kavu, na mafuriko ya mvua. Huyo huyo Florence mnayemcheka alikuwa daraja la 4 akiwa baharini, akafika pwani yuko daraja la 1, watu wakapumua. Ile namba inapima kasi ya upepo peke yake, haikwambii chochote kuhusu maji! Upepo ukapungua, kimbunga kikawa kinajikokota, mvua ikamwagika siku kadhaa, sehemu nyingine zikapita milimita 700. Yaani kila mita moja ya mraba imemwagiwa lita 700. Sasa maji yanapanda taratibu nyuma ya nyumba usiku, hapo kamera itapiga nini?

Halafu ile ramani ya njia ya kimbunga, yenye umbo la koni. Watu wengi wanadhani koni ndiyo ukubwa wa kimbunga, ukiwa nje ya mstari umepona. Sivyo. Inaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na hata hicho kitovu kinabaki ndani ya koni kama mara mbili kati ya tatu. Mvua na upepo vinafika mbali nje yake. Dakika moja ya kueleza hilo ingesaidia kuliko masaa manne ya koti la mvua.

Na kuhusu mama yako kimya_kingi, usilichukulie utani alilosema. Agosti 2011 kimbunga Irene kilikuwa kinaelekea New York, watu wakaamriwa wahame, kikafika kimepungua nguvu, lawama zikaanza kwamba TV zimekuza mambo. Wakati huohuo Vermont, ambako ni bara kabisa, mito inabomoa barabara na madaraja. Mwaka uliofuata, Oktoba 2012, kikaja kimbunga Sandy, New York hiyohiyo. Kuna watu waliogoma kuhama na sababu waliyotoa ni Irene. Bahari ikaingia mpaka kwenye mahandaki ya treni.

Mzee wa Hoja:
Mimi napingana na nyie kidogo. Mnasahau upande wa pili. Oktoba 1987 Uingereza, mtabiri wa hali ya hewa wa BBC, Michael Fish, akasema kuna mama kapiga simu kasikia kimbunga kinakuja, akawaambia watazamaji wasiwe na wasiwasi hakipo. Usiku ule dhoruba ikaua watu 18 Uingereza na kuangusha miti kama milioni 15. Kwa hiyo mtabiri akipunguza sauti na mambo yakaharibika atasemwa mpaka kaburini, akizidisha atachekwa wiki moja. Ningekuwa mimi ningezidisha. Mama yake kimya_kingi kukesha na viatu usiku mmoja amepoteza nini?

Mama Mvua:
@Mzee wa Hoja amepoteza imani, kasema mwenyewe hapo juu. Na Fish hakupunguza sauti, utabiri wenyewe ulikosea njia, tena alisema kutakuwa na upepo mkali sana. Unaweza kusema "hatujui kama itapiga hapa, lakini ikipiga maji yatafika madirishani, kwa hiyo hamisheni watoto leo mchana" bila muziki wa majini. Hiyo ni kali kuliko HATARI HATARI na haina uongo.

Baba Zawadi:
madirishani?? sasa umenitisha wewe kuliko TV 😂

kimya_kingi:
Asanteni sana wakuu, nimejifunza. Nimekaa na mama nikamwambia siku nyingine tutazima sauti, tutasoma taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa yenyewe, tutafute vitu vitatu: lini, wapi, maji kiasi gani. Akisikia maji basi viatu mguuni, akisikia upepo tu tunafunga madirisha. Kanisikiliza mpaka mwisho halafu kaniuliza swali moja tu: yule kijana anayesimamishwa kwenye maji analipwa ziada? fundi_picha njoo ujibu.

fundi_picha:
Halipwi mama. Na lile koti linarudishwa stoo.