Tupeane uzoefu: unaachaje nyumba ukiwa na mnyama mlemavu?

Wakuu, mbwa wangu amepooza miguu ya nyuma, huu mwaka wa 3. Hawezi kukojoa mwenyewe, namkamua kibofu mara 4 kwa siku. Tangu apooze sijalala nje hata usiku mmoja. Sasa mdogo wangu anaolewa, mbali, siku 3, na nataka kwenda. Mliowahi kuondoka, nani alibaki naye? Nini kiliharibika?

Wa mbwa wa kukamuliwa
Pole sana ndugu yangu, najua unavyojisikia. Mara ya kwanza nilimwonyesha mpwa wangu mara moja tu, nikamwachia karatasi ya maelekezo, nikaondoka. Kumbe alikuwa anabonyeza juu mno, karibu na mbavu. Vikitoka vitone anadhani kimekwisha. Mkojo ukikaa kibofuni vijidudu vinazaliana. Niliporudi ulikuwa na damu na harufu kali, tukaishia kwenye antibiotiki.

Safari ya pili alikuja wiki nzima kabla. Niliweka mkono wake tumboni kwa mbwa, wangu juu ya wake, mpaka akakipapasa mwenyewe: kama puto lenye maji, mbele kidogo ya mapaja. Unakibana taratibu kuelekea mkiani, unashikilia mpaka kilegee. Usikibane kwa nguvu, kinaweza kupasuka. Siku 2 za mwisho nilikaa pembeni tu, simgusi mbwa. Ilikuwa ngumu kuliko safari yenyewe.

Wa mbwa kipofu
Wangu kisukari kilimletea mtoto wa jicho, haoni kabisa. Insulini kila baada ya saa 12. Jirani aliyebaki naye sindano aliziweza vizuri. Nililosahau kumwambia ni viti: alivisogeza adeki, hakuvirudisha, mbwa akajigonga pua na siku nzima hakutoka kwenye kona yake. Na kama wako anadungwa, sema mapema: akikataa chakula, asidungwe kwa mazoea, daktari wa mifugo apigiwe simu kwanza.

Mama wa paka
Mimi paka wangu asiyeweza kujigeuza nilimpeleka kliniki nikijua wataalamu wapo. Walimlaza kwenye sakafu ngumu, akarudi na kidonda cha nyonga kilichochukua wiki nyingi kupona. Sasa popote aendapo godoro lake linaenda naye, na naagiza ageuzwe upande kila baada ya saa chache. Kagueni ngozi mkirudi, hasa pale mfupa unapochomoza.

Mwenye mada
Asanteni, nimesoma yote nikiwa nimemshika huyu bwana. Binamu yangu amekuja jioni hii. Mara ya kwanza hakupata kitu, mikono inamtetemeka. Mara ya pili nikaweka mkono wangu juu ya wake, akanyamaza kidogo, akasema, “Hiki hapa.” Kesho anarudi saa 12 asubuhi.