Naomba ushauri: kuanza biashara ya viwanja bila mtaji wa kununua

Habari zenu wakuu. Niko Chanika, Dar es Salaam. Nina laki tatu na pikipiki, basi. Wazo langu ni kukubaliana na mwenye kiwanja bei anayoitaka, anipe miezi miwili nitafute mteja, kitakachozidi, yaani cha juu, kiwe changu.

Nimeshampata mzee mmoja mwenye 20 kwa 20, anataka milioni 6 mkononi. Hati hana, ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nimeweka picha kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini wanaopiga ni madalali watupu, kila mmoja naye aweke cha juu chake, hadi bei inapaa mteja anakimbia. Hofu yangu nyingine ni mteja kuonyeshwa saiti halafu arudi kwa mzee kimyakimya, mimi nibaki na hasara ya mafuta.

Je, mkataba kati yangu na mzee ukisainiwa kwa wakili unatosha kunilinda, au mwenyekiti wa mtaa naye ashuhudie? Na cha juu, mnamwambia muuzaji wazi? Mimi naona ni salama zaidi kumwambia, ila wazoefu wa huku wananicheka.