Mkono umezoea hina, nichoreje ua lilivyo?

BintiChumbageni

Assalaam aleikum wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi kazi yangu ni kuwapaka maharusi hina na piko hapa Tanga, huu ni mwaka wa 14. Nipe mkono wa bibi harusi na koni mbili, nitaujaza kuanzia kucha mpaka karibu na kiwiko bila kutazama mfano wowote. Ua la hina halinipi kazi ya kufikiri: nukta, kiduara, petali tano au nane kuzunguka, majani mawili ubavuni, kisha mkia unajikunja kwenda kukutana na ua la pili.

Tangu Ramadhani iishe nimeanza kujifunza kuchora kwa penseli maua yenyewe, yaliyo hai. Barazani nina bogenvilia ya zambarau kwenye pipa lililokatwa, mshubiri kwenye kopo la rangi, sansevieria mbili, na ule mmea wa majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Uani kuna haibiskasi nyekundu aliyoipanda marehemu mama yangu. Hiyo ndiyo niitakayo hasa. Nataka nilichore ua lake, mtu aliyewahi kufika kwetu akiliona aseme hili ni la mti ule wa uani kwa bibi.

Sasa shida. Nimemaliza daftari zima. Nikikaa mbele ya ua natazama mara moja tu, halafu mkono unaondoka wenyewe. Petali zote zinatoka sawasawa, zote zimenikodolea macho, kama sahani iliyotundikwa ukutani. Juzi mwanangu wa darasa la nne aliangalia daftari akaniuliza hili litapakwa mkono gani. Aliuliza kwa nia njema, lakini niliumia.

Sansevieria nazo zinatoka kama majambia yaliyotupwa juu ya chungu, hazikai kwenye udongo. Chungu chenyewe kimelala upande. Nililipia mafunzo mtandaoni, nikafundishwa kuchora waridi kwa hatua sita. Matokeo yake nimepata ua jingine la kukariri, na hela imekwenda.

Natumia penseli ya HB, raba, na karatasi za kawaida za A4. Rangi bado sijagusa. Anayejua njia anishike mkono.

MwalimuMstaafu_Lushoto

Wa aleikum salaam. Marahaba, mwanangu.

Kwanza usiudharau huo mkono. Nimefundisha kuchora kwa miaka mingi, na kupata mwanafunzi anayevuta mstari mrefu mara moja bila kutetemeka ilikuwa bahati. Wewe huo mstari unao tayari. Ila hina inalala juu ya ngozi, kwa hiyo ua la hina halina shingo wala mgongo. Haibiskasi ina shingo, ina mgongo, na inaelekea mahali. Hapo ndipo unapopotea.

Fanya hivi. Asubuhi, mapema, kata kitawi cha urefu wa kiganja chenye ua moja, tumba moja na jani moja au mawili, ukitie kwenye chupa ya soda yenye maji. Nasema mapema kwa sababu ua la haibiskasi kwa kawaida ni la siku moja. Magharibi ikiingia limeshajisokota. Kisha ligeuze ulione kwa ubavu. Ukilikabili usoni, mkono utakumbuka maharusi.

Petali usiziguse kwanza. Anza na kikonyo. Kifuate kwa jicho mpaka kinapokutana na ua: utaona vijani vyembamba vimezunguka kama kola, na juu ya kola hiyo kikombe cha kijani chenye ncha tano. Chora kikombe hicho kwa utulivu wako wote, maana petali zote zinatoka humo. Halafu vuta mstari hafifu sana kutoka kwenye kikonyo, upite ndani ya ua, utokee mbele. Kile kijiti kirefu kinachochomoza nje kinapita humohumo. Ukikichora kimeelekea kwingine, ua zima litaonekana limevunjika shingo.

Sasa kitazame hicho kijiti kwa karibu. Nusu yake ya mbele imezungukwa na vijiuzi vyenye vichwa vya njano, hivyo ndivyo vyenye chavua. Mwisho kabisa kinagawanyika vitawi vitano vifupi, kila kimoja na kichwa cha duara kama cha pini. Hesabu. Kama karatasi yako ina vinne, hukutazama, ulikisia.

Ndipo uje kwenye petali. Ziko tano, lakini hakuna utakayoiona nzima. Kila moja ukingo wake mmoja umelala juu ya jirani, na ukingo wa pili umeingia chini ya jirani wa upande mwingine, duru nzima, zote kwa mwelekeo mmoja. Tumba lenyewe lilisokotwa hivyo kabla halijafunguka, na ndiyo maana nimekwambia ulikate pamoja na ua. Ukiwa na petali moja iliyolala juu ya majirani wote wawili, umeibuni wewe.

Kuhusu chungu: chukua kikombe cha chai, kitazame kutoka juu, mdomo ni duara. Kishushe polepole kuelekea usawa wa macho. Duara linabanwa linakuwa duaradufu, mwishowe linakuwa mstari. Kitako cha chungu nacho kinapinda vilevile, tena kimepinda zaidi kuliko mdomo kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako. Nina hakika wewe kitako umekichora kwa mstari ulionyooka.

Sansevieria zitakaa udongoni ukichora udongo kwanza. Chora duaradufu ya udongo, uweke nukta pale kila jani linapochomoza. Majani ya mbele nukta zake zitakuwa chini kidogo, ya nyuma juu kidogo. Baada ya hapo ndipo upandishe jani kutoka kwenye nukta yake.

Na raba mpe mtoto akaitumie shuleni kwa wiki mbili. Mstari uliokosea uache, weka ulio sahihi pembeni yake.

Miche_Korogwe

Dada, mimi ni muuza miche, kuchora nilianza ili niweke alama kwenye vibao vya bei. Mwalimu amemaliza, naongeza machache ya mimea yenyewe.

Bogenvilia: hayo mazambarau siyo petali. Ni majani yaliyogeuka rangi. Chukua moja uliinue kwenye mwanga, utaona mshipa wa katikati na vishipa vya pembeni kama jani lolote. Yako matatu matatu, na kila moja limebeba kimrija chembamba kilichoshikamana na mshipa wake wa katikati. Kikifunguka juu kinatoa kijinyota cheupe. Hicho kijinyota ndicho ua. Ukichora mazambarau kama petali yatakuwa laini mno. Yachore kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa.

Ule wa majani yanayong'aa ni zamiokulkasi, asili yake ni ukanda wetu huu wa mashariki ya Afrika, unaota porini kuanzia Kenya kushuka hadi kusini. Watu wengi wanachora fimbo halafu wanabandika majani. Fimbo nzima ile ni jani moja, imenenepa chini na kuwa nyembamba juu. Ukijua hivyo utaivuta kwa mkono mmoja, kama mkia wako wa hina, na vijijani utaviweka baadaye.

Tena usigeuze chungu katikati ya kazi. Mmea wa barazani unafuata mwanga, ukiugeuza leo kesho unakuta majani yamehama.

Amani_Msituni

Habari zenu. Mimi naomba kutofautiana na Mwalimu, kwa heshima. Ua la mama yako usilikate. Beba kigoda ukakae chini ya mti. Ua lililokatwa linaanza kulegea na huoni tawi linavyolibeba.

Huku Usambara Mashariki nachora violeti zetu zinazoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliipeleka kwa baba yake Ujerumani, mwaka uliofuata ikapewa jina la Saintpaulia, na leo imejaa madirishani Ulaya. Nikiwa porini sikati hata moja, ziko chache. Nalala kifudifudi. Mara ya kwanza nilichora petali tano sawasawa, kosa lako wewe. Niliporudi kutazama nikakuta mbili za juu ni ndogo na tatu za chini ni kubwa, katikati vifuko viwili vya njano vimeshikana, na kijiti chake kimeinama upande, hakisimami katikati. Ua zima limepinda. Nilirudia mara 11 kwenye mwamba uleule.

MwalimuMstaafu_Lushoto

Amani, umesema kweli kwa huo wa porini, na kwa mti wa marehemu pia. Nakubali. Mwanangu, kaa chini ya mti.

BintiChumbageni

Nimerudi, na asanteni nyote, Mungu awalipe.

Nilikaa uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kigoda cha mbuzi, maana ndicho kilichokuwa karibu. Nilichagua ua lililoinama kuelekea ukutani, linaonyesha mgongo. Nusu saa nzima nilichora kikonyo na kikombe tu. Kile kikombe kina vinyweleo, sikuwahi kuvijua, na mti huu nimekua chini yake. Mkono ulitaka kukimbia mara mbili, nikauweka mapajani.

Vichwa vya pini nilichora vinne. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu, nikasogea, cha tano kilikuwa nyuma ya chavua. Nilipokisogelea chavua ikamwagika kwenye karatasi, nikaifuta kwa kidole, ikaacha doa la njano. Nimeliacha. Petali moja bado imekaa vibaya, inalala juu ya wote wawili kama ulivyonionya, lakini ua lina mgongo. Kaka yangu mkubwa alipita, akasimama, akasema tu, "Hili la upande wa ukuta." Nikaingia ndani kidogo.

Sansevieria kwa nukta zimesimama. Chungu bado.

Mwalimu, nikimaliza haibiskasi nihamie kwenye nini?

MwalimuMstaafu_Lushoto

Mwanangu, umenifurahisha sana. Mhina upo karibu na kwenu? Umesaga majani yake miaka 14. Ua lake umewahi kulitazama?

BintiChumbageni

Upo kwa shangazi, nyumba ya tatu. Harufu yake naijua, ua sikuwahi kuliangalia. Nakwenda leo baada ya alasiri.

BintiChumbageni

Nimetoka huko. Maua ni madogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, yamejaa kwenye kishada, rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Petali ni nne, zimekunjamana kama kitambaa kilichotoka kukamuliwa. Vijiuzi ni vinane, viwili viwili, kila jozi imesimama kwenye nafasi kati ya petali na petali. Majani nayo yanatoka mawili mawili yakitazamana. Nimechora ua moja kubwa likajaza ukurasa, na kishada kimoja ambacho kimenishinda katikati, pale maua yanapofunikana. Shangazi amenipa kitawi, nimekitia kwenye chupa, ila kwa alivyosema Amani nadhani nirudi kesho mtini. Nisaidieni kwenye kishada: naanza na ua la mbele kabisa, au na mti wa kishada wenyewe?