Kapu la kupikia la usumba, na mbaazi zinazogoma kuiva

Shamsa_Majengo
Asalaam aleikum jamaa. Nyumba ni ya watu sita, mtungi wa gesi ni wa kilo 6, na kinachoumaliza ni mbaazi na maharagwe: saa mbili motoni, na mara nyingine bado zinauma menoni. Nataka kushona kapu la kupikia, lile la kuhifadhi joto ili chungu kilichochemka kimalizie kuiva bila moto, kwa vitu vya hapa hapa. Kikapu cha ukindu kipo, leso kuukuu zipo, makumbi ya nazi tele. Unene wa kujaza uwe kiasi gani? Makumbi yafaa? Na mbona mbaazi zinagoma? Maji ni ya kisima.

FundiUkindu
Waaleikum salaam dada. Unene ni sm 10 pande zote, chini na juu pia. Sufuria ya sm 24 basi yataka kikapu chenye mdomo wa sm 45 hivi. Wengi hujaza ubavuni wakasahau chini, kisha kapu linawekwa juu ya simiti na joto linapotelea huko.

Makumbi mazima hayafai, yanaacha mapengo na hewa inazunguka ndani. Yaponde, yachambue upate usumba, yaani zile nyuzi zake, halafu ukung'ute lile vumbi la kahawia mpaka liishe. Vumbi hilo ndilo linalonywa maji, na usumba wenye unyevu hauzuii joto. Ukipata usumba wa kusokotea kamba, uliofukiwa pwani, uoshe kwa maji matamu mara mbili tatu kisha uanike. Chumvi ikibaki itavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa unaijua. Usumba ukikosekana, maranda makavu ya seremala yanafaa.

Mfuko wa ndani ushone kwa leso za pamba, uingie sufuria bila kulegea. Siku hizi leso nyingi ni poliesta, kwa hiyo chomoa uzi mmoja uuwashe: wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, wa poliesta hujikunja ukawa kidonge kigumu. Weka kamba ya kukazia mdomoni, uweze kutoa usumba na kuuanika. Usipofanya hivyo, mvuke utaleta ukungu, na mende watafuata. Mto wa juu uwe mkubwa kidogo kuliko mdomo wa kapu ili ubane. Kishikio kirefu cha kifuniko huunyanyua na kuacha upenyo, pindua kifuniko.

Kabla hujapikia, lijaribu. Chemsha lita 4 za maji, funga, usiguse kwa saa 4, kisha pima kwa kipimajoto. Nyuzi 70 au zaidi, kapu ni zima. Chini ya 60 tafuta pengo kwanza, maana kwenye joto hilo chakula huanza kuchacha.

JikoniMvita
Kuhusu kugoma: ni maji. Kisiwa chote cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yanabeba chokaa yake. Kalsiamu hushikana na ile gundi inayounganisha chembe za mbaazi, ikakaza badala ya kulegea. Watu hulaumu chumvi, lakini chokaa ndiyo mkorofi. Loweka na upike kwa maji matamu. Ya kisima yabaki ya vyombo na kufulia. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kupikia mara kadhaa, na bei yake ni ndogo kuliko gesi inayoungua bure.

Maji matamu yakikosekana, magadi robo kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya mbaazi. Usizidishe: ladha inakuwa ya sabuni na vitamini B1 inaharibika. Nyanya, ndimu na ukwaju ngoja mpaka ziwe zimeshalainika, ukali wake pia unakaza. Na usinunue gunia. Mbaazi zilizokaa miezi kwenye joto na unyevu hugoma hata kwa maji ya mvua.

Utaratibu: loweka usiku kucha, mwaga maji yale, weka mapya yafunike kwa vidole viwili. Chemsha kwa nguvu dakika 30. Maharagwe mekundu hapa hayana mzaha, yana lektini, sumu ya asili ambayo kwenye nyuzi 80 haifi. Kapu peke yake linaweza kukuumiza tumbo. Dakika mbili za mwisho funika na usifunue tena. Ingiza sufuria kapuni ikiwa bado inatokota, saa 4. Irudishe motoni ichemke dakika 10, hapo ndipo unaunga na kutia tui zito. Tui hilo zito lisilale kapuni.

Sufuria ijae robo tatu angalau. Ya nusu hupoa upesi, maana maji ndiyo yanayobeba joto.

Wali: vikombe viwili vya mchele kwa vitatu vya tui jepesi, si vinne, kwa sababu mvuke hautoki. Motoni dakika 7, kapuni dakika 50.

Nyali_Bei
Mbona msimwambie anunue sufuria ya presha? Dakika 30 mbaazi zimeiva, hakuna kushona wala kuanika.

FundiUkindu
Presha ni nzuri, na kwa maharagwe magumu inalishinda kapu. Lakini raba yake huchoka, na valvu ikizibwa na maganda ni hatari. Tena kapu halishindani nayo: pika kwa presha dakika 10, zima, iingize kapuni nzima nzima. Presha itashuka taratibu huku mapishi yanaendelea bila gesi.

Shamsa_Majengo
Ahsanteni sana. Na samaki je?

JikoniMvita
Samaki hapana, atapondeka. Pweza ndiyo: chemsha dakika 15 bila chumvi, kapuni saa mbili, umchome kwa uma kwenye shina la mkono. Uma ukikwama, mrudishe motoni dakika 5 na kapuni nusu saa nyingine.