Ben Alder majira ya baridi: tuingilie Dalwhinnie au Corrour?

Nuru_Glasgow: Habari zenu wapendwa. Februari sisi wawili tunataka kupanda Ben Alder, mlima wa Scotland wa mita 1,148, katikati ya maziwa ya Loch Ericht na Loch Ossian. Kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti) na shoka la barafu tunajua kuvitumia. Gari hatuna. Tushukie stesheni ipi?

BabuDira: Dalwhinnie, tena na baiskeli. Barabara ya changarawe kandokando ya Loch Ericht ni tambarare, na sheria ya Scotland ya 2003 inawaruhusu kupita kwa miguu au baiskeli hata kama ardhi ni ya mtu. Mpaka Culra ni kama kilomita 15. Kibanda cha pale kimefungwa kwa sababu ya asbesto, kwa hiyo bebeni hema. Pandieni ukingo wa Long Leachas. Ni daraja la I, la chini kabisa kwa upandaji wa baridi, lakini ukiteleza pale utaumia vilevile. Kinachonitia hofu zaidi ni kule juu: uwanda mpana, ukungu ukishuka hujui theluji inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na upande wa mashariki theluji imejenga mdomo unaoning'inia bila mwamba chini yake. Nawasihi, chukueni kipimo cha dira mkiwa bado mnaona.

SalmaInverness: Shikamoo Babu. Mimi nasema Corrour. Treni inakushusha juu ya mita 400, mahali pasipofikiwa na barabara ya umma. Unafuata Loch Ossian, kisha mto Uisge Labhair mpaka Bealach Dubh, pengo la kupitia kati ya milima. Na kusini ya mlima kuna Ben Alder Cottage, kibanda kisicholipiwa. Uzuri wa huko siwezi kuueleza.

BabuDira: Marahaba mwanangu. Uzuri upo. Ila treni za Corrour ni chache, na baiskeli jioni inaokoa saa nzima na zaidi miguu ikiwa imechoka.

KiongoziMarangu: Kwetu Kilimanjaro tunapambana na urefu wa mlima. Nilipotembea Scotland niliona adui ni upepo na unyevu. Glavu jozi tatu, msipunguze.

Juma_Perth: Kwa nini msianze na mlima wa jirani, Creag Meagaidh? Unaanzia Aberarder, kando ya barabara ya A86, na ina taarifa yake ya kila siku ya maporomoko ya theluji. Ben Alder haina. Inabidi usome hiyo ya jirani na kukadiria. Upepo wa kusini-magharibi ukivuma siku mbili, theluji hurundikana kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki, na huko ndiko mnakotaka kupandia.

Nuru_Glasgow: Asanteni sana. Bila gari Aberarder ni tabu. Tutaenda Dalwhinnie na baiskeli, ila tunasogeza hadi Machi, mchana ukiwa mrefu. Taarifa ikisema hatari ni kubwa, tutaishia Culra na kurudi.

BabuDira: Machi ni sawa kabisa. Angalieni na kijito cha kuvuka mbele ya Culra. Theluji ikianza kuyeyuka mchana kinajaa, kwa hiyo kivukeni mapema.