Wauza vitabu vya zamani Dar, acheni kuita kila kitabu chakavu "toleo la kwanza"

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu anapandisha tangazo la kitabu cha watoto cha zamani, "toleo la kwanza, adimu, bei haipungui", na picha moja ya jalada iliyopigwa kwa mbali. Ukiomba picha ya ukurasa wa hakimiliki (ule wa mwanzoni wenye mchapishaji na miaka ya kuchapwa) unajibiwa "njoo Posta ukione mwenyewe". Mnunuzi anatoka Mbagala kwa nauli yake, anafika anakuta chapa ya tano, yaani kitabu kilichorudiwa kuchapwa mara ya tano. Huo ni wizi, tuuite jina lake.

Maneno "First published 1952" hayathibitishi chochote yakiwa peke yake. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kilitolewa na Macmillan mwaka huo wa 1952, lakini mwaka wa kwanza huendelea kuandikwa hata kitabu kikirudiwa mara kumi. Shusha macho mstari wa chini yake. Ukikuta "Reprinted" au "Kimechapwa tena" na miaka imepangwa, nakala uliyoshika ni ya mwaka wa mwisho hapo.

Wengine wanasema "hakina orodha ya miaka ya kurudiwa, basi ni cha kwanza". Si lazima. Soma kitabu chote, nje na ndani. Jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, kwa hiyo likiwa limechapwa popote kitabuni, hiyo si nakala ya miaka ya 50. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13 ilianza 2007. Na kuna muuzaji anatangaza kitabu "cha enzi za mkoloni" chenye msimbopau nyuma, ile mistari ya kuskani dukani ambayo enzi hizo haikuwepo kwenye vitabu! Jamani, hata aibu?

Kwa vitabu vya Uingereza na Marekani vinavyokuja na mitumba, tafuta safu ya namba kwenye ukurasa wa hakimiliki, mfano 10 9 8 7 6 5 4 3 2 1. Kwa kawaida namba ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo chapa yako: safu ikiishia 4, ni chapa ya nne. Mpangilio ukiwa 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2, hesabu ni ileile. Random House, wachapishaji wa Marekani, walikuwa tofauti: kwa miaka mingi chapa yao ya kwanza ilikuwa na maneno "First Edition" pamoja na safu inayoanzia 2.

Na hizo Harry Potter mnazopigia kelele: chapa ya kwanza ya Philosopher's Stone ya jalada gumu, Bloomsbury 1997, ilikuwa nakala 500 tu. Safu lazima ifike 1, hakimiliki iandikwe Joanne Rowling, na kwenye orodha ya vifaa vya shule ukurasa wa 53, "1 wand" itokee mara mbili. Kikikosa kimoja kati ya hivyo, usiitangaze kuwa ndiyo.

Kinachokera kuliko vyote ni wanaochana ukurasa wa hakimiliki ili chapa isijulikane. Kwenye vile vitabu vyembamba vya pini hilo halifichiki. Karatasi moja imekunjwa katikati ikatoa kurasa nne, kwa hiyo ukichana nusu ya mbele, mwenzake wa nyuma anabaki analegea au ameshikizwa kwa gundi. Fungua katikati, angalia pini zenyewe. Kwa unyevu wa pwani yetu, pini ya miaka 60 huwa imeshika kutu na kuacha doa la kahawia kwenye mkunjo. Ukikuta pini inang'aa na pembeni yake kuna matundu ya zamani, kitabu kimefumuliwa. Uliza nini kilitolewa, au kiliongezwa kutoka nakala nyingine.

Wasimamizi, tangazo lolote la "toleo la kwanza" liwe na picha nne: jalada mbele, jalada nyuma, ukurasa wa hakimiliki unaosomeka, na mkunjo wa katikati. Muhuri wa shule au maktaba utajwe, maana unashusha bei. Asiyeweka ndani ya siku moja, tangazo lake lifutwe. Na nyie mliouziwa chapa ya tano kwa bei ya kwanza, wekeni picha za kurasa hizo hapa chini tuzisome pamoja.